Fizi za Kaka Rajabu

Jana mlipokuwa mnafua uani mliniuliza kwa nini nilimkatiza mwenzenu alipokuwa akimweleza yule mama muuza karanga kwamba kinga yake imeshuka. Mlidhani mwenye nyumba kaamka vibaya. Kuamka vibaya ni kweli, maana magoti yangu siku hizi yana serikali yao. Lakini sikumkatiza kwa sababu ya magoti. Neno lile naliogopa, na kwa kuwa nyote mnasomea uganga na uuguzi na mmepanga kwangu hapa Gongoni, nimeona niliandike jambo hili mlisome wenyewe. Nikilisema kwa mdomo nitalia, na mpangaji akishamwona mwenye nyumba analia, amri ya kufunga geti saa nne imekwisha.

Mimi nilikuwa tabibu wa kinywa na meno. Kule upande wa Usoke, nilikokaa muda mrefu kuliko kituo kingine chochote, waliniita Mama Koleo, na watoto wakiniona sokoni walifunga midomo kwa viganja. Sikukasirika. Anayeng'oa meno asitegemee kupendwa, ashukuru akisalimiwa.

Kazi nilifundishwa na Mzee Nassoro, Mwarabu wa hapahapa Tabora. Ndugu zake wote waliuza vitambaa na asali, yeye peke yake akachagua magego. Alikuwa akisema, "Ndugu zangu wanamtoa mtu fedha naye anacheka. Mimi namtoa maumivu naye ananitukania mama." Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini sicho kitu nilichojifunza kwake zaidi. Kabla hajagusa koleo alikaa kwenye kiti kando ya mgonjwa akamwuliza, "Jana umekula nini?" Mgonjwa akitaja, Mzee huuliza tena, "Na juzi?" Kisha, "Na kiangazi hiki kwenu mboga ni ipi?" Mimi nilisimama na sindano ya ganzi mkononi, nimechoka, foleni imefika nje, najiuliza huyu mzee ni tabibu au anatafuta pa kula mchana.

Baadaye nikamwelewa. Alinionyesha kwamba fizi nyingi zinazotoka damu ni za uchafu tu: ukoga umeganda kwenye mizizi ya meno, mswaki haufiki, ufizi unakasirika. Hizo unazisafisha, unamfundisha mtu kupiga mswaki, basi. "Lakini iko fizi nyingine, Hadija," aliniambia. "Imevimba katikati ya meno, rangi yake imeiva kama zambarau, inatoka damu hata mtu akizungumza. Ukiiona hiyo, acha kinywa, mwangalie miguu." Miguuni, alisema, utakuta vidoa vyekundu kwenye mashina ya vinyweleo, na mtu atakwambia mifupa inamuuma, na pengine kovu la zamani limefunguka lenyewe. Hicho ni kiseyeye. Bibi yake alikiita maradhi ya safari, akidai wapagazi wa zamani walikuwa wakitoka pwani wanakula unga na nyama kavu tu, wakifika Tabora msimu wa maembe wanapona. Sijui kama ni kweli, maana Mzee Nassoro alikuwa na bibi wa kila jambo. Ninachojua ni kwamba nami nimeona fizi nyingi za mji huu zikitulia zenyewe maembe yakianza kuanguka.

Nyinyi mna vitabu vipya, mtanisahihisha. Kwa lugha ya jikoni, vitamini C ni kitu ambacho mbuzi anajitengenezea mwenyewe tumboni mwake na wewe mwenye cheti huwezi. Lazima uile, na uile tena, kwa sababu mwili hauna ghala la kuiweka muda mrefu. Ndiyo inayosaidia kufanya ile gundi inayoshika nyama na nyama, ufizi na jino, kidonda na ngozi mpya. Chembe nyeupe za damu zinaihitaji zikienda kupigana na vijidudu. Na zinapopigana, mahali pale panawaka: panakuwa pekundu, panavimba, pana joto, panauma. Moto huo ni wa kuponya, lakini usipozimwa unaunguza na nyumba. Vitamini C ni mojawapo ya vitu vinavyosaidia kuupoza. Mtu aliyepungukiwa nayo anavimba ovyo, anapona polepole, anashikwa na kila kinachopita. Mpe, utaona muujiza. Lakini aliyetosheka ukimwongezea humwongezei kitu, labda safari za chooni. Wengi hapo ndipo wanapopotea.

Wakati wa korona mlikuwa wadogo, lakini mtakumbuka malimau. Mji mzima ulinuka malimau na tangawizi. Jirani yangu mmoja aliyachemsha tangu asubuhi hadi maji yakawa rangi ya chai, akaniletea kikombe kwa heshima zote. Nilikunywa, kwa sababu ujirani ni muhimu, ila vitamini iliyokuwa ndani ya limau lile ilishaharibiwa na moto zamani. Mwingine alisikia kwamba vidonge vya vitamini C vinaleta kinga, akala kopo zima kama peremende, akashinda chooni hadi jioni. Alipotoka aliniambia, "Mama Koleo, korona hainipati tena, hakuna palipobaki pa kukaa." Tulicheka sana, katika siku ambazo hatukuwa na mengi ya kutuchekesha.

Kule Usoke tatizo lilikuwa magadi. Mkulima wa tumbaku wakati wa kukausha anahamia banini, kibanda cha kukaushia majani, anashinda na moto, na chakula ni ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyochemshwa yakaanikwa juani mpaka yakawa meusi. Jua limekwishachukua chake. Halafu mama anatia magadi ili majani yalainike upesi. Nilimwuliza mama mmoja kwa nini anatia magadi hata kwenye mchicha mbichi. Akanishangaa: "Daktari, si ndiyo unabaki kijani? Usipotia unakuwa kama umeugua." Kwa macho alikuwa na haki, mchicha wake ulipendeza kama sare za shule. Ila magadi na vitamini C havikai chungu kimoja. Nilimwambia achemshe kidogo, kwa maji kidogo, afunike, na magadi ayaachie maharage. Alinisikiliza kwa adabu, na nilipopita tena nikakuta magadi yako palepale kwenye kifuu. Mama mkwe wake alikuwa akiyataka.

Na jambo jingine, uchachu si vitamini. Watu wanakunywa ukwaju kwa fizi kwa sababu unakunja uso. Ukwaju mtamu kuunywa, lakini kwa vitamini C ni maskini. Pera lililoiva, ambalo halikunji uso wa mtu, ni tajiri kuliko chungwa. Likumbukeni pera, nitalirudia.

Sasa nimwelezee kaka yangu.

Kaka Rajabu ni fundi seremala, mkubwa wangu wa tumbo moja. Wakati huo nyumba hii alikaa yeye, na karakana yake ilikuwa hapohapo mbele, mnapoanika nguo. Vitanda vya mninga alivyovitengeneza bado vinalaliwa mjini hapa na watu wasiojua jina lake. Alikuwa na mazoea ya mafundi: akipigilia, misumari huishika kwa midomo, mmoja mmoja anauchomoa. Ukimsalimia wakati huo anaitikia kwa pua. Mkewe, wifi yangu Mwajuma, alizoea kumtania kwamba alioa misumari kwanza, yeye mke wa pili. Mwajuma alikuwa mtu wa Bukene, mcheshi, mwenye mikono ya kupanda. Kila alichochomeka ardhini kiliota. Ule mpera ulio karibu na bafu, ambao mnatundikia taulo zenu, aliupanda yeye.

Siku moja nikiwa kazini Usoke simu ililia. Alikuwa Mwajuma.

"Wifi, kaka yako kaniacha."

"Kakuacha wapi?" Nilidhani wako safarini, labda kamwacha stesheni.

"Kaniacha, wifi. Talaka."

Nilimwuliza kosa ni nini. Akasema hata yeye anauliza hilohilo. Walikuwa hawagombani. Rajabu alirudi mchana mmoja hana raha, akaacha kula naye sinia moja, akawa na kikombe chake na sahani yake, anaviosha mwenyewe na kuviweka juu ya kabati peke yake. Akimsogelea anamkwepa. Mwisho akamwita kaka yake Mwajuma kutoka Bukene, akatamka talaka moja mbele yake, na alipoulizwa sababu akasema tu, "Mchukueni arudi kwenu angali mzima."

"Angali mzima, maana yake nini, wifi?" Mwajuma aliniuliza. "Mimi naumwa nini?"

Nilimpigia kaka, hakupokea. Nilimpigia tena siku zilizofuata, akapokea na kusema mambo ya mke wake ni yake. Kwa mila zetu mdogo hamwingilii mkubwa wake kitandani, kwa hiyo nilisubiri likizo. Likizo yenyewe ilichelewa, kwa kuwa mwenzangu wa zamu alikuwa amejifungua. Nilipofika Gongoni mvua zilikuwa zinaelekea kuisha na eda ya Mwajuma ilikuwa imekwisha. Yeye alikuwa Bukene kwa mama yake.

Niliingia kwa mlango wa uani. Kitu cha kwanza kilichonipokea ni harufu ya mapera. Yalikuwa yameanguka chini ya mti, mengine yamepasuka, nzi wamejaa, na hakuna aliyefagia. Kaka alikuwa karakanani anapigilia mguu wa meza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Dija." Akaitikia vizuri kabisa, kwa mdomo.

Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Misumari haikuwa mdomoni. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na kila akitaka mmoja anainama anatafuta kwa vidole, kazi inasimama. Mtu aliyeshika misumari kwa midomo tangu ujana wake hahamishii misumari mfukoni bila sababu. Na alipozungumza alikuwa akiweka kiganja mbele ya kinywa, kama mtu anayepiga miayo.

"Kaka, fungua kinywa nione."

"Umekuja kunisalimia au kuning'oa?"

"Fungua."

"Dija, niache. Kuna mambo hayatazamwi."

"Mimi kazi yangu ni kutazama yasiyotazamwa. Fungua, kaka, nakuomba."

Aliweka nyundo chini. Macho yake yalijaa machozi kabla hata hajafungua. Kaka yangu sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba. Alifungua kinywa, nami nikaona zambarau za Mzee Nassoro. Fizi zimevimba zimefunika meno nusu, na damu ilianza kutoka kwa kufungua tu. Nikapiga magoti kwenye vumbi la mbao, nikapandisha suruali yake. Vidoa vilikuwepo, vyekundu, kila kimoja kwenye shina la unyweleo. Kovu la patasi kwenye kidole gumba, la miaka, lilikuwa limefunguka.

Nikauliza swali la mwalimu wangu. "Jana umekula nini?"

Uji. Juzi uji na wali mweupe. Chai ya maziwa, mkate, nyama ya kuchemsha siku ya kipato kizuri. Alikuwa na vidonda vya tumbo, na mtu fulani alimwambia asiguse kitu kichachu. Kaka yangu ni mtu wa kutii kupita kiasi. Kutoka kwenye limau akafika kwenye nyanya, kutoka nyanya akafika kwenye embe, kutoka embe akafika kwenye kila tunda na kila jani, kwa kuwa majani nayo yanamjaza gesi. Msimu mzima wa maembe, mji wote unatiririkwa na maji ya embe hadi viwikoni, yeye anakunywa uji.

"Na fizi zilipoanza, ulikwenda wapi?"

Alikwenda zahanati moja mjini, sitaitaja. Kijana wa zamu alimwangalia, akamwambia, "Mzee, kinga yako imeshuka. Nenda pale chumba cha mwisho ukapime damu." Chumba cha mwisho, kwa sisi wote tuliokulia wakati wa ukimwi, kila mtu anajua kinachopimwa. Kaka hakwenda chumba cha mwisho. Alitoka getini, akatembea kwa miguu hadi nyumbani, na tangu siku hiyo akawa anajizika polepole.

"Nilijua ndio mwisho," aliniambia. "Wakati ule wakisema kinga imeshuka, si tunajua wanasema nini?"

"Na Mwajuma?"

Alifuta damu kwa nyuma ya mkono. "Nilifikiri mawili. Kama nimeupata mimi huko nyuma, nimwokoe, aende kabla sijamwambukiza. Na kama ni yeye aliyeuleta..." Akasita. "Sikutaka kujua."

"Hukumwuliza?"

"Ningemwulizaje, Dija?"

Nilimpeleka kupima siku hiyohiyo, nimemshika mkono kama bibi harusi. Hakuwa na virusi. Na hata angekuwa navyo, wanangu, ni ugonjwa; watu wanameza dawa zao na wanalea wajukuu. Aibu ndiyo haina dawa. Ila kaka alikuwa na kiseyeye, maradhi ambayo yangetibiwa na kile kilichokuwa kikioza chini ya dirisha lake.

Vidonge nilivyompa ni vile vya rangi ya chungwa ambavyo watoto wanaiba. Vidonda vya tumbo navyo vina dawa yake, akapewa. Damu ya fizi iliacha kutoka kabla ya Ijumaa iliyofuata. Vidoa vikafifia, kovu likajifunga. Nikamfundisha kula pera lililoiva kwanza robo, tumbo likikubali nusu, mchicha usiokaa motoni, kachumbari kidogo. Kabla likizo yangu haijaisha nilimkuta asubuhi anapigilia, misumari imejipanga midomoni, na nilipomsalimia akaitikia kwa pua. Nilijificha jikoni nikalia kwa furaha. Nilikuwa nadhani yamekwisha.

Nilimfuata pia yule kijana wa zahanati. Sikwenda kugombana, nilimweleza tu yaliyompata kaka. Alishtuka hadi akakaa. "Lakini mama, ni kweli," alisema. "Vitamini ikipungua kinga inashuka. Na kule nilimtuma akapime wingi wa damu tu." Nikamwambia, "Ni kweli, baba. Kitabuni ni kweli kabisa. Ila kaka yangu hakukisikia kitabu." Ukutani nyuma yake paliandikwa kwa rangi ya bluu, kinga ni bora kuliko tiba. Sote wawili tuliyasoma maandishi hayo.

Nikapanda treni kwenda Bukene. Kaka alitaka kuja, nikamwambia aache mdogo atangulie kuomba. Talaka ilikuwa moja. Eda imekwisha, lakini ndoa mpya inafungwa, mlango uko wazi. Nilibeba kanga mbili na mapera ya mti wake mwenyewe. Mama yake alinipokea, "Mwangaluka," nikaitikia, nikakaribishwa kigoda. Mwajuma alikuwa akipepeta mpunga. Alikuwa amekonda.

Nilimweleza yote, tangu limau hadi chumba cha mwisho. Alisikiliza bila kuacha ungo. Nilipofika kwenye fizi kupona alisema, "Alhamdulillahi," na nikaona ni kwa moyo.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo aliniacha asiniambukize?"

"Ndiyo, wifi. Alikuwa anakuokoa."

"Hilo tu?" Ungo ulisimama. "Hakufikiri nimemletea mimi?"

Ilinipasa kujibu haraka, nikachelewa. Mwajuma aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo aliokuwa akiusubiri.

"Wifi, kule Gongoni waliona kile kikombe chake cha peke yake. Unajua walivyohesabu? Hawakuhesabu kwa kaka yako, walihesabu kwangu. Msibani nilipewa kikombe cha plastiki, wenzangu wote wana vya udongo. Nikatoka pale na kikombe changu mkononi, sikunywa. Nilisema sina neno, mume wangu anajua mimi ni nani." Akaanza tena kupepeta. "Hilo la kuniokoa ningemsamehe siku ileile. Hili la pili ndilo. Tumelala kitanda kimoja miaka yote hiyo, akaona bora aniache kuliko aniulize."

Nilimbembeleza, wanangu. Nilibembeleza hadi mama yake akatoka nje. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki lakini mtungi uko palepale, tutateka mengine. Alinishika mkono, akasema, "We u wifi yangu mpaka kaburini. Ila kwa Rajabu sirudi." Mapera aliyapokea, akachagua moja, akalinusa, akacheka kidogo. "Mti wangu unazaa eti. Mwambie ale, asiache. Na afagie chini, yakioza yanaita nyoka."

Baadaye aliolewa na mtu wa kwao, akafa bado kijana kwa uzazi. Tulikwenda kuzika. Kaka alisimama nyuma ya watu, kwa kuwa hakuwa na haki ya kusimama mbele.

Sasa mmeelewa kwa nini nilimkatiza mwenzenu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wala kijana yule hakujikwaa. Alisema sahihi, na bado neno likamvunjia mtu nyumba. Mkiwa na mgonjwa mbele yenu, mwambieni kwa jina: fizi zako zimekosa matunda, damu tunapima wingi wake, basi. Halafu mwulizeni amesikia nini, maana alichosikia ndicho atakachokwenda nacho nyumbani. Vidonge vya vitamini viko kila duka. Hakuna duka nililowahi kuona linalouza kidonge cha kurudisha neno.

Mzee mnayemwona kila asubuhi akija na ufagio kabla hamjaamka, mkadhani ni mlinzi niliyemwajiri, ndiye kaka Rajabu. Meno yake yote yako kinywani. Anafagia chini ya mpera, msimu ukiwepo anaokota moja lililoiva, analiosha, analila akiwa amesimama, haachi hata kokwa. Hajaoa tena. Zamani nilikuwa nikimwuliza, "Kaka, tamu?"

Kila siku alinijibu neno moja, "Dawa." Nikaacha kumwuliza.